Bega la Mama Mkwe

Mimi sijui kukaa. Mke wangu husema nilizaliwa na siafu ndani ya suruali, na ukiniona kwenye foleni ya benki, au kanisani mahubiri yakiwa marefu, utamwamini. Mikono ndiyo mibaya zaidi. Ikikosa cha kushika inashika goti langu mwenyewe, inatafuta msuli uliokaza, inauchua. Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Tabora, kwanza hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, halafu kwangu mwenyewe, katika chumba nyuma ya soko chenye kitanda kimoja kirefu, jiko la mkaa la kupashia maji na chupa za mafuta ya ufuta. Wanakuja wapakiaji wa tumbaku wenye migongo iliyokufa ganzi, vijana wa bodaboda walioanguka, mafundi cherehani wenye shingo zisizogeuka. Wote nawashika. Ndiyo maana lile bega moja nisiloruhusiwa kulishika lilinitesa kuliko mabega yote ya mkoa huu.

Lilikuwa bega la mama mkwe wangu.

Yeye anakaa Goweko, kwenye mji alioachiwa na marehemu baba mkwe: nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko la nje, bani la kukaushia tumbaku ambamo siku hizi wanalala kuku, na uzio wa minyaa kuzunguka. Kaburi la mzee liko nyuma ya jiko. Hakuna mtu mwingine anayelala pale. Wakati wa mvua aliteleza akitoka kisimani, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa haukuvunjika. Alipigwa picha, akapewa vidonge, akafungwa mkono kwa kitambaa shingoni, akaambiwa aupumzishe kidogo. Mama wa watu akaupumzisha kweli! Alikaa na mkono ule kwenye kanga mpaka mvua zikakatika, na alipokuja kuufungua, bega limeganda. Mkono unaishia kifuani. Hakuweza kujifunga kilemba, hakuweza kuufikia mgongo wake akioga, na kubwa kuliko yote, hakuweza kujitwika.

Asiyeyajua maisha ya kule ataliona jambo dogo. Mwanamke anayeishi peke yake anachota maji mwenyewe na kujitwika mwenyewe. Ndoo itoke chini, ipite gotini, ipite kifuani, ipande kichwani, na mkono ubaki juu kuishikilia. Asiyeweza hivyo anakaa kisimani na ndoo yake iliyojaa, anasubiri apite mtu wa kumtwika. Mama mkwe akawa anasubiri. Siku nyingine jua linamkuta pale, linamwacha pale.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anaishi Dar es Salaam. Alipokuja Pasaka alimkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kisima, ndoo pembeni, ameweka mkono mbovu mapajani. Roho ikamuuma. Palepale akakata shauri: kiangazi, akipata likizo, anakuja kumchukua, akaishi naye Dar. "Ila nikija nikakukuta unajitwika ndoo mwenyewe, mama, basi utabaki," alimwambia. "La sivyo tunaondoka wote, na nyumba tutamtafutia mpangaji." Hakusema kwa ubaya. Ni mtoto mwema, anaogopa mama yake ataanguka tena na hakuna wa kumwokota. Lakini mke wangu aliponisimulia nilitamani kumrushia kiatu. Mama alijibu sawa mwanangu, halafu akaenda kukaa nyuma ya jiko, karibu na kaburi, mpaka chakula kikapoa.

Sasa utaniuliza, wewe si mchuaji? Si uende ukamchue? Ndugu yangu, mkwe! Kwetu Wanyamwezi mkwe haguswi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Nikikutana naye njiani naacha njia, nachutama pembeni, macho nayapeleka kwenye majani, namwamkia. Naye anapita amegeuza uso upande wa pili, anaitikia. Basi. Maneno mengine yote yanapitia kwa mtu. Wala hawezi kuja kukaa kwangu mjini nikamtafutia mwanamke wa kazi yangu amhudumie, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Na kumleta na kumrudisha kila mara kwa barabara ile, bega linafika limevimba kuliko lilivyoondoka. Mjini siku hizi nawaona watu wanawakumbatia wakwe zao kama wametoka kupata kipaimara pamoja. Mama yule si wa hivyo, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, si wa hivyo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Ni heshima, si chuki, na ndani yake kuna mapenzi yanayotafuta pa kupitia. Ya mama mkwe yalipitia kwenye maji. Tangu nimeoa, kila nikienda Goweko, nikizima pikipiki tu nakuta ndoo ya maji ya kuoga imeshawekwa kwenye bafu la mabua, na ngata ya kitambaa aliyobebea kichwani imekaa juu ya jiwe. Alikuwa akisikia muungurumo toka mbali, anakwenda kuchota. Ilikuwa ndiyo karibu yake, mwanangu pole na safari. Alipoumia, maji yakawa yanachotwa na watu wengine, na yeye anajificha jikoni mpaka nimalize kuoga. Aibu ile niliiona kwa mgongo wake tu, ukipotea mlangoni, na ilinichoma.

Tulianza na mke wangu. Nilimfundisha nyumbani, kwenye bega langu, akashika vizuri kabisa. Tulipofika Goweko, mama yake alipokunja uso mara ya kwanza, mke wangu akaachia, akalia. Mara ya pili hivyo hivyo. Mwisho mgonjwa ndiye anayemfariji mchuaji. Majirani nao walikuwa wa kupapasa: pole mama, pole mama, wanampaka mafuta kama mtoto mchanga, bega liko palepale. Bega lililoganda halitaki pole. Linataka mtu asiyeogopa kukuumiza na ambaye huwezi kumchukia akishakuumiza. Mtu huyo utampata wapi?

Aliyelijibu swali hilo ni Mgogo mmoja.

Ni mwanamke wa makamo, aliyeolewa palepale Goweko na fundi wa reli, anauza karanga na asali stesheni treni ikisimama. Sauti yake inasikika mabehewa yote. Yeye na mama mkwe ni watani, maana Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani, wakitozwa hongo ya njia na ya maji. Walipigana, wakapatana, wakauguzana, wakazikana njiani, na kilichobaki mpaka leo ni ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Siku ile ya mke wangu kulia, mama huyu alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akasimama mlangoni, akatazama, akaguna.

"Nyie mnamchua au mnamzika? Hebu toka hapo. Mnyamwezi haliliwi akiwa hai, analiliwa akishakufa, tena kidogo tu."

Nilikuwa uani, nyuma ya ukuta, nakwangua matofali kwa ukucha kwa hasira. Niliposikia vile nikaruka. Nikamwita kwa sauti: "Mtani! Njoo hapa!"

Nilimfundisha chini ya upenu wa bani. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikashika bega lake mwenyewe, nikamwonyesha. Kwanza kitambaa cha maji moto, mpaka nyama ilegee. Halafu mafuta, na kiganja kizima, toka shingoni kushuka, bila haraka. Halafu dole gumba linaingia pembeni ya kombe la bega, hapo panapokaa mafundo. Akapiga ukelele uliowatoa kuku banini.

"Lahaula! Wewe Mnyamwezi, unanichua au unalipiza hongo tuliyowatoza babu zako?"

"Vyote."

"Basi na mimi nitalipiza kwa mama mkwe wako," akasema, na akacheka mpaka akakohoa.

Tukapanga hivi. Asubuhi zote yeye atapita kabla ya kwenda stesheni, atamkanda na kumchua. Jumamosi nitakuja mimi, nitakaa nje chini ya dirisha, nimwelekeze. Niliweka sharti moja tu: ndoo isiguswe mpaka niwepo. Mazoezi ya kunyanyua ni Jumamosi, nikiwa nasikia, maana niliogopa wasije wakalitegua bega bila mtu anayejua la kufanya. Nikalirudia sharti hilo mara nyingi, kwa ukali, nikinyoosha kidole. Mtani akanipigia saluti kama askari.

Jumamosi ya kwanza nilidhani nitapata wazimu. Kazi ya kuchua ni kazi ya masikio kuliko mikono. Mgonjwa akivuta pumzi kwa meno, sss, umefika mlangoni. Akisema aai, umeingia, simama hapohapo, subiri, pumua naye. Akinyamaza kabisa na kubana pumzi, umepita, rudi nyuma upesi. Sasa mimi niko nje, sioni, na mama mkwe hatoi sauti. Atoeje? Mama mkwe kuguna kwa maumivu na mkwe wake anasikia ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Nilisikia kitambaa kikikamuliwa. Nilisikia mkeka ukikwaruza. Yeye kimya, kama hayumo. Nikasimama, nikakaa, nikazunguka nyumba, nikamfukuza mbuzi ambaye hakuwa amenikosea kitu.

"Mtani, anasemaje?"

"Hasemi."

"Uso wake je?"

"Uso wa Mnyamwezi. Utajuaje kama umeumia au ndivyo ulivyo?"

Nikafikiri, nikizunguka. Halafu nikamwambia: akikunja uso, mtanie kidogo. Machozi yakitoka, mtukane sana. Akibana pumzi, taja babu zake. Mtani akaelewa bila kuuliza, na kuanzia hapo nikawa nachua kwa matusi. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, kichwa nimeegemeza ukutani, nasikia: "Sogea huku wewe mla matobolwa, unajikunja kama viazi vyenu hivyo vikavu." Vizuri, hapo ni sss, endelea. Halafu: "Jeuri wewe! Unanikazia macho, nitakuuza kwa abiria wa daraja la tatu!" Hapo ni aai, nikasema dirishani, simama, usibonyeze, acha kiganja kikae. Na ikifika: "Babu zako walijitwika pembe za ndovu toka Ujiji mpaka pwani, wewe umeshindwa na ndoo, mpagazi wa bandia!" nilikuwa nafoka, "Rudi nyuma! Rudi, achia!" Watu wapitao njiani walisimama kusikiliza. Nadhani walifikiri familia yetu imepatwa na jambo.

Na mama mkwe alijibu. Hicho sikukitegemea. Mimi hawezi kunisemesha, kulia hawezi, lakini mtani kumjibu ni haki yake. Sauti ndogo, imekaza, inapenya dirishani: "Na babu zako walituuzia maji ya mvua. Maji ya Mungu, mnatoza hongo!" Tangu nimeoa sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kama ile. Nilifunika mdomo nisicheke, maana kucheka naye ni kukosa adabu.

Kiangazi kikaja. Majani ya tumbaku yakaingia kwenye mabani ya majirani, moshi ukatanda jioni, njia ikawa vumbi tupu mpaka nikifika Goweko nina nyusi nyekundu. Bega likaanza kulegea. Nilimpa zoezi la ukuta: asimame, aweke vidole kwenye ukuta kwa ndani, avitembeze kupanda juu kama buibui, mpaka panapouma, abaki hapo, ashushe. Mimi kwa nje nilikuwa nasikia kucha zikipanda kwenye matofali. Mwanzo zilikomea usawa wa mbavu zangu. Baadaye usawa wa bega. Jumamosi moja zikapanda, zikapanda, zikapita sikio langu, na nikajikuta nimesimama, nimeweka kiganja changu ukutani kwa nje, kinazifuata. Nilipogundua nilichokuwa nafanya nikakiondoa haraka, nikatazama kama kuna mtu kaniona. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kiasi cha kutaka kumwambia mtu, na pale palikuwa na kuku tu.

Lakini ndoo ilikataa.

Mkono mtupu ulipanda mpaka juu. Ukiweka ndoo, hata ya nusu, unafika kifuani unasimama. Kila Jumamosi hivyo. Kisima kiko chini kidogo ya uzio, kwa hiyo mimi nakaa nyuma ya minyaa, nasikia maji yakicheza ndani ya ndoo, nasikia ndoo ikinyanyuka, halafu kimya, halafu ndoo inashushwa chini. Nilipima yote kichwani. Msuli una nguvu, mkono unapanda, kinachouzuia ni nini? Nikamwambia mtani amwambie atoe pumzi anaponyanyua. Aachie sauti. Wapakiaji wa tumbaku hawanyanyui belo kimya, wanaguna kama fahali, na ndivyo mwili unavyotaka, ukibana pumzi unabana na bega. Mtani akaenda, akarudi.

"Anasema amesikia."

Amesikia! Hilo ni jibu la mtu ambaye hatafanya. Nikauliza tena Jumamosi iliyofuata, nikajibiwa amesikia. Nikapiga teke jiwe, nikaumia kidole, na hakuna aliyenichua.

Shemeji akaja. Treni ilimshusha asubuhi, na nilipofika nikamkuta ameshasimama uani na shati la kupiga pasi, pembeni yake begi kubwa jipya lenye magurudumu. Begi la magurudumu kwenye mchanga wa Goweko! Alilibeba begani toka stesheni. Alikuwa amemnunulia mama yake la kusafiria. Mama alilitazama mara moja, mke wangu akaniambia baadaye, akasema ahsante, akaliweka karibu na mlango wa jiko, akaingia ndani kujifunga kilemba. Alijifunga mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia.

"Shemeji," nikamwambia yule bwana tukiwa wawili, "huoni mkono unapanda?"

"Naona. Nashukuru sana, Mungu akubariki. Lakini kilemba si ndoo. Nikiwa Dar usiku silali, namwona kisimani." Macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Akijitwika, nitarudi peke yangu, naapa. Ila nione kwa macho yangu."

Basi wakateremka kisimani: mama, mtani, mke wangu na shemeji. Mimi nyuma ya minyaa, mahali pangu. Nilikuwa siwezi kusimama, siwezi kuchutama. Nilimsikia mtani akitangaza kwa sauti kwamba mikono yake ameifunga nyuma, shemeji asije akasema amesaidiwa. Kamba ikashuka, ikapanda. Maji yakamiminwa ndooni. Ndoo iliyojaa, alitaka iliyojaa. Nikasikia chuma cha mkono wa ndoo kikilia, ndoo ikatoka chini.

Kimya.

Nilikijua kimya kile. Ndoo iko kifuani, pumzi imebanwa. Maji yakamwagika kidogo, ndoo ikarudi chini. "Pumzika mama," akasema shemeji, na kwenye sauti yake nilisikia ameshaamua, tena kwa huruma, ile huruma mbaya. Akanyanyua mara ya pili. Kimya kilekile. Ikarudi chini. Mtani hakutukana hata neno moja, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilitaka kukimbia kwenda kushika ile ndoo. Nisidanganye: mguu mmoja ulikuwa umeshapita kwenye pengo la uzio. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuishika, hivi, kiganja juu. Na ndipo nikajiona. Mtu mzima, nyuma ya uzio, masikio yamesimama, nasikiliza. Kila Jumamosi ya ndoo, nasikiliza. Hajawahi kunyanyua ndoo ile pasipo mimi kuwepo, kwa sharti langu mwenyewe, nililolitoa kwa kidole! Namtaka aachie sauti, na mimi ndiye mtu pekee Goweko nzima ambaye mama hawezi kuiachia sauti mbele yake. Siku zote hizo kilichombana bega ni masikio yangu.

Ala! Nikaurudisha mguu. Nikapiga kelele kama mwehu: "Mtani! Ee mtani! Mimi naondoka! Naenda stesheni, nina shida na mtu wa pikipiki! Sipo hapa!"

"Nenda zako, nani kakushika?" akajibu, lakini aliitikia upesi mno. Mgogo yule ana akili.

Nikaondoka. Nilikanyaga kwa kishindo, nikapiga mluzi, nikakohoa, nikamwamkia kwa sauti bibi mmoja aliyekuwa mbali mno kuniitikia, ili wa kisimani asikie ninavyozidi kwenda. Kila hatua niliuma meno. Kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya katika kazi hii ni kumpa mgonjwa kisogo wakati anaumia. Nilipita bani la jirani, nikapita njia panda, nikaingia kwenye tuta la reli, na hapo mluzi ukanikauka mdomoni.

Ukaja. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mama wa umri ule. Haikuwa aai wala sss. Ilikuwa ukelele mzima, mrefu, unatoka tumboni, wenye hasira ya mvua nzima na kiangazi chote, wa kisima na kaburi na begi la magurudumu. Ndege waliruka kwenye miembe ya stesheni. Nikasimama juu ya mataruma ya reli. Halafu vigelegele vya mtani, na juu ya vigelegele, matusi ya kila namna, ya babu, ya bibi, ya viazi, ya pembe za ndovu.

Nikakaa kwenye reli, nikalia. Nasema wazi, nililia.

Sikurudi upesi. Nilikaa stesheni pale nikisubiri mtu wa pikipiki ambaye hakuwepo, mpaka mtani akaja na beseni lake la karanga kichwani.

"Unakaa hapa kama mzigo uliosahauliwa na msafara? Nenda kaoge, unanuka vumbi."

Nilipofika uani nilimkuta shemeji kwenye kigoda, shati lake la pasi limelowa toka begani mpaka kiunoni. Begi lilikuwa palepale karibu na mlango wa jiko, na kuku amepanda juu yake.

"Nilisogea kumsaidia njiani," akaniambia. "Akanimwagia. Kanifukuza kama mbwa. Kasema maji si yangu." Alitikisa kichwa, halafu akacheka, halafu akafuta macho kwa kiwiko cha mkono. "Narudi peke yangu, shemeji."

Nikaenda bafuni. Ndoo ilikuwa katikati, imejaa pungufu kidogo. Juu ya jiwe ilikaa ngata yake, bado ina maji. Nilivua, nikaichutamia, nikaitazama, mimi nisiyejua kukaa. Halafu nikainyanyua yote kwa pamoja nikajimwagia kichwani. Maji ya kisima kile ni baridi kama ya usiku. Nikapiga ukelele, ukelele wa kweli, bila aibu, na nyuma ya mabua, upande wa jikoni, nikamsikia mama mkwe wangu anacheka.